Kukata au Kutoboa Kichwa cha Siga

Siga, yaani msokoto mnene wa majani ya tumbaku, ikiwa imesokotwa kwa mkono huwa imezibwa kichwani, upande unaotiwa mdomoni, kwa kipande cha jani kiitwacho kofia, nayo hufunguliwa ama kwa kukatwa ama kwa kutobolewa. Kikata chenye nyembe mbili hufaa umbo lolote, hata lile lililochongoka, mradi mkono usiteleze: ukiondoa zaidi ya milimita 2 hivi, ukapita bega la kofia, yaani pale mviringo wake unapoishia, jani la nje huanza kufumuka mdomoni. Hivyo ndivyo nilivyoharibu siga yangu ya kwanza hapa Kampala, tena kwa kisu cha jikoni.

Kitoboleo, bomba dogo lenye ukingo mkali ambalo huning'inizwa pamoja na funguo, huiacha kofia ikiwa imara na hupunguza chembe za tumbaku ulimini. Lakini tundu lake jembamba hukusanya lami, moshi ukawa wa moto na mchungu, na kwa siga iliyochongoka hakifai. Siga ikiwa kavu, loanisha kofia kwanza, isije ikapasuka.

Binafsi nachagua kikata. Nami huvutia uani kwangu, kwa kuwa sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku inakataza kuvuta katika maeneo ya umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo.