Redio ipi ununue Dar wakati wenzetu wanahamia dijitali

Norway ilizima matangazo ya kitaifa ya FM mwaka 2017, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafuata mwishoni mwa 2024. Tangu hapo kuna watu Dar wanaouliza kama kununua redio ya FM sasa ni kutupa hela. Si kutupa hela hata kidogo. Nunua kifaa kinachonasa kile kilichopo hewani juu ya paa lako leo, udijitali uwe nyongeza. Ndivyo nilivyopanga vifaa hivi, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho.

Namba moja ni redio ndogo ya mkononi yenye FM, tochi na sehemu ya kuchomeka flashi. Kariakoo zimejaa na kwa sura zinafanana, kwa hiyo anza kwa kufungua mfuniko wa nyuma. Ukikuta betri ya BL-5C, ileile ya simu za kitochi, chukua: ikifa utapata nyingine kwenye kibanda cha simu, uwe Mbagala au Tegeta. Ukikuta betri imeunganishwa kwa risasi ndani, rudisha. Usivutwe na maandishi ya bendi nyingi, maana nyingi kati ya hizo ni vipande vya SW (masafa mafupi, ya stesheni za mbali), na msikilizaji wa stesheni za mjini atashinda kwenye FM tu. Kile kioo kidogo cha sola kichukulie kama msaada umeme ukikatika, usikitegemee peke yake.

Iwashe palepale dukani. Katikati ya mji mawimbi yana nguvu, hata redio dhaifu itasikika vizuri, hivyo ibane kidogo: rudisha antena yote ndani, tafuta stesheni unayoijua, kisha sogea taratibu hadi ya jirani yake. Redio mbovu itakuletea watangazaji wawili kwa mpigo. Halafu omba chaja ya simu ichomekwe karibu nayo. Ikianza kuunguruma, ujue hata nyumbani itakusumbua. Muuzaji akikataa majaribio haya, nenda duka la pili.

Namba mbili ni simu yenye FM ndani yake. Haili bando, na waya wa earphone ndio antena yake, ndiyo maana bila kuuchomeka redio inagoma. Kiswaswadu kinaifanya kazi hii vizuri kuliko simu nyingi za bei mbaya. iPhone haina FM ya kuwasha. Kusikiliza kwa programu ya intaneti ni hesabu nyingine. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde yanakula karibu MB 29 kwa saa. Mama ntilie anayefungulia redio kwa muda wa saa 8 kila siku atamaliza GB 7 hivi kwa mwezi, na ubora ukipanda hadi kilobiti 128, zidisha mara mbili. Tena Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini. FM haipiti huko.

Namba tatu ni redio ya gari. Wenye magari, somo lenu ni la peke yake. Gari kutoka Japani huja na redio ya masafa ya kwao, megahezi 76 hadi 90, na mengine mapya hufika 95, wakati FM yetu inafika 108. Fundi atakupendekezea ekspanda, kifaa kidogo kinachoshusha masafa ya stesheni hadi redio iyafikie, kwa sababu ni rahisi. Ikiwa ni ya megahezi 20, stesheni ya 98.0 utaikuta kwenye 78.0, lakini kwa redio inayoishia 90, zilizo kati ya 90 na 96 zitakukimbia. Mimi ningebadilisha redio nzima.

Sabufa nzuri kwa muziki wa sebuleni. Kwa kazi ya redio, ni ya nne tu: inategemea umeme, na waya wake wa antena mara nyingi ni mfupi.

Mwisho ni redio ya DAB+, yaani redio inayonasa matangazo ya dijitali kutoka minara ya ardhini bila intaneti. Teknolojia yenyewe naipenda: mtambo mmoja unabeba stesheni zaidi ya kumi kwenye masafa mamoja, na kwa mji ambao FM imebanana hivi, natamani tufike huko. Ila mawimbi yakififia, FM hukwaruza na bado unafuata taarifa ya habari. DAB+ inanyamaza kabisa. Na tunajua kifaa kisicho na matangazo kinaishia wapi. Setelaiti ya AfriStar ya WorldSpace, kampuni ya redio za setelaiti, ilirushwa 1998, kampuni ikafilisika 2008, na redio zake za bei ghali zikabaki mapambo ya kabatini. Televisheni ya analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, watu walinunua ving'amuzi kwa sababu matangazo ya dijitali yalikuwa tayari hewani.

Kwa hiyo DAB+ inunue pale tu muuzaji anapoiwasha, inatafuta, na stesheni unazozitaka zinatokea kwenye kioo. Iwe na FM pia. Kama ndugu anakuletea mtumba kutoka Uingereza, mwambie asome maandishi vizuri: iliyoandikwa DAB bila alama ya kujumlisha huenda ni ya zamani, na hiyo haifungui DAB+.