Kupeleka Jeshi au Kugawa Bunduki?

Kwenye baraza za Bagamoyo, wazee waliopigana Uganda bado wanazijadili njia hizi mbili za kuuangusha utawala wa nchi nyingine: kupeleka jeshi lako, au kuwapa waasi wake silaha. Jeshi linaloingia lenyewe, kama letu lililoiteka Kampala Aprili 1979 (nasi tulikuwa tumevamiwa kwanza, Kagera), hulipa kwa damu na hazina ya nchi, lakini lina amri, na kila askari huirudisha ghalani bunduki aliyoitia saini. Silaha wanazopewa waasi hazina daftari: mwaka 2011 Ufaransa iliwadondoshea waasi wa Libya silaha kwa miavuli, na Gaddafi alipoanguka, silaha za nchi ile zilitapakaa hadi Mali. Mimi naiogopa zaidi njia hii, kwa sababu mtoaji hafiwi, ilhali mzee mmoja pale barazani bado huwataja kwa majina wenzake watatu ambao hawakurudi.