Sarafu za kumbukumbu ya wanajeshi wetu: uzoefu wangu wa kuagiza kutoka Lamu

Familia kadhaa za Lamu, Shela na Matondoni tulichanga fedha tukaagiza sarafu za kumbukumbu ya watu wetu waliofia jeshini. Kazi ilifanywa na karakana moja ya Nairobi inayopiga sarafu na medali kwa oda. Naandika kwa ajili ya wenzetu wa pwani wanaofikiria jambo kama hili. Kazi ya majina ilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Mng'aro wa dhahabu haukustahimili hewa yetu. Bei si ya kuchezea.

Kwanza niseme kwa nini tulitaka kitu cha kushika mkononi. Baadhi ya vijana wetu waliuawa Somalia, baada ya Kenya kupeleka majeshi huko Oktoba 2011. Hao angalau makaburi yao tunayajua. Lakini babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, mpiga mizinga, na alikuwemo kwenye meli ya Khedive Ismail iliyotoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika muda wa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Mama yangu alikuwa bado tumboni. Hakuwahi kuwa na kaburi la babake la kusomea Yasini, wala picha.

Na waliotangulia hali yao ni mbaya zaidi. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Idadi hiyo yaweza kufika 350,000. Wengi ni wale wapagazi wa Kariakoo, waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Niliposoma hayo nilijua kwamba katika sarafu hii kitu cha kwanza ni jina, na mengine yote yatafuata.

Wazo lenyewe tulilipata kwa jamaa anayeishi Marekani. Huko vikosi vina desturi ya kupeana sarafu, na serikali nayo hutoa zake: mwaka 2022 ilitoa sarafu za kuwaenzi waliopewa nishani ya Purple Heart, yaani waliojeruhiwa au kuuawa vitani, na katika bei ya kila sarafu ya dola moja iliyotengenezwa kwa madini ya fedha kulikuwa na dola 10 za kuchangia jumba la kumbukumbu ya nishani hiyo. Zile ni fedha halali zenye thamani iliyoandikwa juu yake. Zetu hazinunui hata kiberiti, na ni vizuri kila mchangaji aambiwe hivyo tangu mwanzo, kwa sababu kuna waliouliza zitauzwa bei gani baadaye.

Karakana ilianza kwa kutuuliza maswali, na hapo ndipo iliponipa imani. Walitaka majina yaliyoandikwa na familia zenyewe, mtu mmoja akiweka sahihi kwa kila jina. Walikataa kuweka ngao ya taifa na nembo ya jeshi bila kibali, wakatueleza kwamba alama hizo zinalindwa na sheria. Baadhi yetu walinung'unika. Mimi niliona ni afadhali kuambiwa mapema kuliko kupokea mzigo wa matatizo. Badala yake upande mmoja tuliweka jahazi lililotweka tanga, na pembeni nakshi ya milango yetu.

Mchoro wa kwanza wa upande wa jina ulikuwa na majina mawili mawili. Tukakataa. Huku kwetu ukisema Ali Mohamed, mtaa mzima utaitika. Tulitaka nasaba: fulani bin fulani bin fulani, na ukoo wake. Msanifu wao hakubishana. Aliongeza upana wa sarafu kutoka milimita 40 hadi 50 ili herufi zisibanane, na hakutudai nyongeza. Kila jina tulilihakiki kwa WhatsApp kabla halijachongwa, na kosa la herufi moja lilirekebishwa bila manung'uniko. Kwa hilo nawapa alama zote.

Lililotuchukua muda mrefu lilikuwa letu wenyewe. Wengine walitaka iandikwe Inna lillahi, wengine Kalima. Ami yetu mmoja, khatibu, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, kitu hiki kitaanguka sakafuni, watoto watakichezea, kitatiwa mfukoni na mfuko utaingia chooni. Dua waombeeni kwa ndimi zenu. Jina la Mola msilitie hapo." Tukakubaliana pawe na nasaba, mahali alipozaliwa, mwaka na mahali alipofia, na maneno matatu: Mwana wa Lamu. Sura ya mtu hatukuweka. Familia zinazofuata zianze na mazungumzo haya kabla ya kulipa malipo ya awali.

Sasa kuhusu madini. Kulikuwa na za aina mbili: zinki iliyomiminwa kwenye kalibu kisha ikapakwa dhahabu nyembamba, na shaba ya manjano iliyopigwa kwa shinikizo. Picha zote mbili zinang'aa sawasawa, lakini usidanganyike. Kusi lilipoingia, za zinki zilianza kutoa madoa kingoni, na doa likishatokea halisafishiki, maana ukisugua unaondoa dhahabu yenyewe. Za shaba zilipoteza mng'aro, lakini ukizisugua kwa ukwaju, kama tusuguavyo sinia, zinarudi. Kwa nyumba za Lamu sioni sababu ya mtu kuchukua zinki, ingawa ni nafuu: tulilipa karibu shilingi 450 kwa kila moja, na shaba karibu 700, mbali na 15,000 za kalibu ya upande wa jahazi. Upande wa jina huchongwa kwa leza, sarafu moja moja. Waambie wachonge kwa kina zaidi ya kawaida yao, kwa sababu vitu hivi hushikwashikwa sana.

Vijisanduku vya mahameli ni hasara tupu. Gundi iliachia, kitambaa kikaota ukungu. Usafirishaji haukuwa na tatizo: basi hadi Mokowe, kisha mashua, na kila kitu kilifika kimefungwa vizuri.

Niliuliza pia kwa sonara hapa mjini. Masonara wa Lamu wamefanya kazi ya fedha tangu enzi za kuyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria zenye mwaka 1780, na nilichoonyeshwa kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote cha mashine. Ukitaka moja tu, ya mzazi wako, nenda kwake. Kwa sarafu nyingi zinazofanana gharama ya madini ya fedha inakuwa kubwa mno.

Mama alipopewa yake aliniomba nimsomee, kwa kuwa macho yamepungua. Nikasoma nasaba yote hadi ukoo. Akanirudisha nyuma kwenye jina la babu yake, nikalisoma tena, akasema, "Hao ndio watu wangu." Tangu siku ile wajukuu wanalijua jina la babu yao mkuu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanikisha kwa miaka yote ya kusimulia.

Aliyenitia mawazo ni mstaafu mmoja wa jeshi la wanamaji, ambaye Septemba 2012 alikuwemo katika kuingia Kismayu, mji wa bandari wa Somalia, kutokea baharini. Aliishika sarafu ya rafiki yake, akauliza, "Na sisi tuliorudi, mtatukumbuka mpaka tufe?" Hakuwa anatania, na alikuwa na haki. Oda ya pili tuliyotoa ni ya wastaafu walio hai: jahazi lile lile, kalibu ile ile, jina, kikosi na miaka ya utumishi, yote ya shaba, bila kisanduku. Familia za Faza na Kizingitini nazo zimeleta majina yao. Anayetaka zake ziwe mkononi kufikia Siku ya KDF, yaani ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, tarehe 14 Oktoba, apeleke majina yaliyohakikiwa kabla ya Agosti kwisha, maana Septemba karakana hujaa oda.