Shule kongwe za mjini na shule za kata: ulinganisho wa ufaulu Dar es Salaam

Azania na Jangwani ni sekondari za serikali zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ilhali shule nyingi za kata ziliibuka baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, mara nyingi madarasa yakitangulia maabara na walimu wa hisabati na fizikia. Kwa ada hazitofautiani, kwa kuwa ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye lugha: mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hutakiwa ghafla kujifunza kwa Kiingereza, na katika darasa lililofurika huko Mbagala au Chanika, mwalimu hana muda wa kumsaidia mmoja mmoja. Nalo suala la usafiri halina upande, maana wanafunzi wa pande zote mbili hugombea daladala alfajiri.

Kwa hiyo, kuzipanga shule hizi kwa madaraja ya kidato cha nne pekee ni kuzionea. Ni haki zaidi kupima mwanafunzi amepiga hatua gani tangu upimaji wa kidato cha pili.