Chai tow kway na tambi za kukaanga Singapore: uagize ipi kwanza

Kwenye vituo vya chakula vya Singapore, vile vyenye vibanda vingi chini ya paa moja, sahani ndogo ya chakula cha kukaanga katika mitaa ya makazi huwa kati ya dola 3 na 5 za huko. Sehemu za watalii bei hupanda. Mpangilio huu unafuata kigezo kimoja: utamu unaoupata kwa hela uliyotoa.

1. Chai tow kway nyeupe. Bango huiita keki ya karoti, lakini karoti haimo. Unga wa mchele na figili nyeupe iliyokunwa hupikwa kwa mvuke hadi kuganda, hukatwa vipande, kisha hukaangwa na kitunguu saumu, mayai, sosi ya samaki na chai poh, yaani figili iliyohifadhiwa kwa chumvi na kukatwakatwa.

Kabla ya kuagiza, tazama karai. Mpishi anayejua kazi huacha vipande vishike rangi ndipo amimine yai, halafu haligusi mpaka ukingo uwe wa kahawia. Hapo ndipo anageuza. Karai lisipopata moto, yai hunywa mafuta na sahani huja laini, inateleza. Vipande vikivutika kama mpira, unga umezidi figili. Chumvi ikikukereketa, chai poh haikulowekwa vya kutosha. Omba pilipili ikaangwe humohumo, isiwekwe pembeni, kwa sababu moto ndio unaoitoa harufu. Na ule hapohapo: ukifungiwa kwenye boksi, mvuke unalainisha ule ukoko mkavu uliolipia.

2. Hokkien mee. Tambi za njano za ngano na tambi za mchele hupikwa kwenye supu ya vichwa na maganda ya kamba, pamoja na ngisi na yai. Mara nyingi ni ghali kidogo kuliko chai tow kway, lakini supu hiyo ni kazi ya saa kadhaa na inastahili bei. Supu ikiwa bado inaelea chini ya sahani kama mchuzi mwepesi, tambi hazikupewa muda wa kuinywa. Kamulia ndimu ndogo unayopewa.

3. Chai tow kway nyeusi. Ni ileile, ila imetiwa sosi nzito tamu ya soya. Wapo wanaoipa nafasi ya juu kuliko nyeupe. Hapa imeshuka kwa kuwa utamu wa sosi huficha vipande vibovu. Ila kama unabeba kwenda nyumbani, chukua hii. Haina ukoko wa kupoteza.

4. Char kway teow. Tambi pana za mchele, kombe za baharini, soseji ya Kichina na machipukizi ya choroko. Ukiona sahani kumi zinapikwa kwa mkupuo, ondoka: karai lililojaa hupoa, tambi zinachemka badala ya kukaangwa na zinakatikakatika. Kombe huivishwa kidogo tu, hivyo mjamzito aombe zisiwekwe.

5. Bee hoon ya asubuhi. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, tambi nyembamba zilizokaangwa mapema. Kila kitoweo unachoonyesha kwa kidole kinaongeza bei, kwa hiyo uliza kwanza.

Kwa Mwislamu, kusema “bila nguruwe” hakutoshi, maana vibanda vingi vya Kichina hukaangia mafuta ya nguruwe. Tafuta cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, au nenda kituo cha Tekka Centre, mtaa wa Little India, ukale mee goreng ya Waislamu wa asili ya Kihindi: tambi za njano, nyanya na pilipili.

Agiza kwa kutaja bei, “ya dola 4”, maana saizi hupangwa hivyo. Pakiti ya tishu mezani ina maana kiti kina mtu. Ukimaliza rudisha trei mwenyewe, ni sheria. Vibanda vingi hufunga Jumatatu au Jumanne, na vyenye jina huishiwa mapema, kwa hiyo fika kabla ya foleni ya saa sita mchana.