Presha kuka ya umeme ya lita 6, baada ya siku nzima ya mashindano ya mapishi uani kwangu

Ukoo wetu hukutana Tanga kila Idi ya kuchinja, na Jumamosi inayofuata huwa ni ya mashindano ya mapishi. Mwaka huu zamu ya kuyaandaa iliniangukia mimi, uani kwangu hapa Ngamiani, watu 17 na watoto wao. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimenunua presha kuka ya umeme, lita 6, wati 1,000, kwa shilingi 165,000. Mumewe dada yangu aliniambia nimetupa pesa. Basi nikaamua iingie mashindanoni kama timu: mkaa, gesi na umeme, vyakula vitatu, vipimo sawa kwa wote.

Vyakula vilikuwa maharage ya nazi, pweza wa nazi na wali wa nazi. Nilivichagua makusudi. Maharage na pweza ndivyo vinavyokula mkaa kuliko kitu kingine chochote jikoni kwangu, na wali wa nazi ndicho chakula ambacho mtu wa Tanga hakubali kudanganywa. Kila timu ilipewa nusu kilo ya maharage mekundu yasiyolowekwa, pweza wa kilo moja, mchele kilo moja na nazi nne. Waamuzi walikuwa bibi mzaa baba, mjomba, na jirani yetu mmoja ambaye hupika kwenye shughuli za mtaa mzima. Chakula kilipakuliwa kwenye mabakuli meupe yanayofanana, namba imebandikwa chini ya bakuli, na waamuzi walikaa sebuleni wasione nani anapika nini.

Maharage yalianza saa 3 kamili asubuhi. Nilichomoa friji na kuzima kila kitu ili nisome LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, vizuri: ilikuwa uniti 41.8. Presha kuka ilichukua dakika 14 kujaza mvuke, halafu ikaanza kuhesabu dakika 40 nilizoipa. Saa 3:30 umeme ukakatika. Upande wa mkaa walipiga vigelegele. Mimi sikuifungua, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu mashine hii: kile kipini kidogo cha kwenye mfuniko kilibaki juu, maana yake mvuke ulikuwa bado umefungwa ndani na maharage yanaendelea kuiva kwa joto lake. Umeme ulirudi baada ya dakika 9. Tatizo ni kwamba haikukumbuka ilikuwa wapi; kioo kilirudi mwanzo kabisa, nikalazimika kuipangia upya dakika zilizobaki. Ukiwa umetoka kwenda sokoni umeiacha inapika, utarudi ukute chakula kibichi na mashine imezima. Kwa nyumba zetu hizi hilo ni jambo la kulijua kabla ya kununua.

Saa 4:20 nilifungua. Maharage laini, mazima, hayajapasuka. LUKU ilisoma 41.3. Nusu uniti, na kwa sisi tunaolipa takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo haifiki hata shilingi 200. Timu ya mkaa ilimaliza yake saa 5 kasorobo, na mkaa uliokwenda kwenye maharage peke yake tuliukadiria shilingi 1,500. Gesi walikuwa wa mwisho, saa 5 na robo.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu nimeona wengi wakiharibu. Tui usilifungie ndani ya presha. Linakatika, mafuta yanaelea juu na mabonge meupe yanabaki chini. Chemsha maharage na maji, chumvi na kitunguu, fungua mfuniko, bonyeza kitufe cha kukaangia, tia tui jepesi lichemke nayo, mwishowe tui zito huku unakoroga bila kuacha mpaka litokote. Kitufe hicho kinafanya kazi kama jiko la kawaida na joto lake linatosha. Binti yangu mkubwa ndiye aliyekoroga, na tui lilitulia kama hariri. Waamuzi wote watatu waliyapa maharage ya umeme nafasi ya kwanza.

Pweza ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Anayemjua pweza anajua kazi yake: kumponda, kumsugua, halafu kumchemsha saa nzima au zaidi huku ukimchoma uma kila mara. Wiki moja kabla ya mashindano nilimjaribu kwa dakika 25 akaharibika, ngozi ilivuka yote na mikia ikawa kama uji. Siku ya siku nilimpa dakika 15 tu, maji kikombe kimoja kwa sababu mwenyewe hutoa maji mengi, kisha nikaacha mvuke utoke taratibu bila kuufungulia. Alitoka laini, ngozi yake ya zambarau ingali imeshika. Nikamkata, kitunguu swaumu, bizari ya manjano, pilipili mbuzi nzima, tui, na ndimu mwisho kabisa. Mama mdogo wa timu ya mkaa alikuwa bado anamponda wa kwake wakati mimi nakamua nazi. Hapa umeme uliushinda mkaa kwa alama moja, na jirani yetu mpishi aliuliza mara mbili yule pweza namba 2 amechemshwa na nani.

Halafu ukaja wali.

Nilifuata maelekezo ya kitufe cha wali: mchele wa Kyela, tui, chumvi, funga. Baada ya dakika chache mashine ikapiga kelele na kuandika kwamba chini kunaungua. Tui zito lilikuwa limetuama na kushika bakuli. Nikafungua, nikakwangua kwa mwiko wa mti, nikaongeza tui jepesi, nikafunga tena. Wali ulioiva ulikuwa mlaini kupita kiasi, punje zimeshikana, na utamu wa nazi umekaa chini badala ya kuenea. Upande wa pili wifi yangu alikuwa amepunguza makaa, akafunika sinia juu ya sufuria, akaupalia makaa, akakaa kando bila wasiwasi wowote. Bibi alionja namba 2 kijiko kimoja, akaweka kijiko chini. "Huu haukupaliwa," akasema, na akasogeza bakuli kwa mjomba. Hakuhitaji kuona namba wala kuambiwa. Wali wa mkaa ulipata alama zote kumi kutoka kwake, na watoto waligombania ukoko mpaka sufuria ikang'aa. Presha kuka haitoi ukoko. Itatoa kitu cha kahawia kilichoganda, lakini siyo ukoko.

Yapo mengine ya kusema kuhusu mashine yenyewe. Muuzaji aliniambia lita 6 inapikia watu 12. Si kweli kwa maharage: vyakula vya jamii ya kunde hutoa povu na kuvimba, kwa hiyo mwisho wake ni nusu ya bakuli, na vyakula vingine usivuke theluthi mbili. Mstari umechorwa ndani, uheshimu. Kwa watu 17 ningehitaji kupika mara mbili. Mpira wa mfuniko hunywa harufu. Maharage niliyopika Jumapili yalinuka pweza ingawa nilikuwa nimeuosha kwa sabuni. Nilikuja kuuchemsha kwa maganda ya ndimu na kuuanika juani siku nzima ndipo ukaachia, lakini dawa yake ni kuwa na mipira miwili, mmoja wa samaki na mmoja wa vingine. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama anauza mpira peke yake. Na usiichomeke kwenye ule waya mwembamba wa kuunganishia. Wangu ulipata moto nikauchomoa, nikaiweka karibu na soketi ya ukutani. Wakati wa kutoa mvuke tuliwaondoa watoto wadogo wote na nilisukuma kile kidude kwa mpini wa mwiko, si kwa mkono.

Naipa 4 kati ya 5. Alama inayokosekana ni ya wali na ya kusahau kazi umeme unapokatika. Kwa yote mengine imenipunguzia moshi, pesa na saa za kusimama, na pweza sitampika tena kwa njia nyingine.

Shangazi yangu anayeishi Lushoto alikaa karibu na mashine siku nzima. Huko kwao, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu, na ndiyo maana maharage yao huchukua muda mrefu kuliko yetu. Ndani ya presha joto huvuka nyuzi 110, uwe pwani au mlimani, kwa hiyo mashine hii inamfaa yeye kuliko inavyonifaa mimi. Jumanne nilimfungia kwenye boksi lake pamoja na mpira wa pili, akapanda nayo basi. Jumatano alinipigia simu saa 7 mchana, wakati ambao zamani chungu chake kingekuwa bado motoni, akaniambia wameshakula na vyombo vimeshaoshwa. Mwisho wa mwezi nanunua nyingine, na safari hii nachukua ya lita 8.