Katalogi ya Santini au miswada yake: uanzie wapi?

Ukitaka kuchunguza jinsi watu binafsi walivyokusanya muziki karne ya 19, padri Fortunato Santini wa Roma ni mfano mzuri mno. Milango ni miwili: katalogi (orodha ya muziki aliokuwa nao) aliyoichapisha mwaka 1820, au miswada yenyewe, yaani muziki ulioandikwa kwa mkono, ambayo leo iko Münster, Ujerumani.

Katalogi unaimaliza kwa siku chache. Inakuonyesha majina ya watunzi, na pia kile alichotaka wenzake wajue kwamba anacho. Ila Santini aliishi hadi 1861 na hakuacha kukusanya, kwa hiyo mengi ya baadaye humo hayamo.

Miswada inataka miezi, na nauli juu yake. Hata hivyo mimi naipenda zaidi. Kazi nyingi alizinakili kwa mkono wake mwenyewe, akichukua vijitabu vya sauti mojamoja na kuzipanga sauti zote pamoja, mstari chini ya mstari. Jasho hilo katalogi haikuonyeshi hata kidogo! Na mkusanyo huo ulikumbwa na mafuriko mwaka 1946, kwa hiyo kila ukurasa uliosalia una thamani.

Mwenye wiki moja tu aanze na katalogi.